Peugeot 504 ama Probox: Nani Mkali wa Barabara za Ukambani?

Kuna mabishano mawili hayawezi isha Ukambani. Ya kwanza ni muthokoi wa mathe wa nani ndio mtamu zaidi. Ya pili ni hii: gari gani imebeba watu wa hii ground vizuri, Peugeot 504 ya enzi za wazee ama Probox ya siku hizi? Muthokoi tuwaachie wamathe. Leo tuongee dinga.

Najua kuna msee ashaanza kucheka. "Probox iitwe legend? Hiyo kabati yenye magurudumu?" Tulia buda. Gari inapewa heshima juu ya kazi imefanya, na juu ya watu wangapi wataitaja ukiwauliza walifikaje shule, soko, hospitali na matanga. Kwa hicho kipimo hizi ndai mbili ziko ligi moja, hata kama zimetenganishwa na miaka zaidi ya 30.

Hebu tuanze na ground yenyewe. Migwani iko Mwingi Magharibi, Kaunti ya Kitui, kwa ile barabara inatoka Kitui mjini, inapita Kabati, halafu inaenda kuungana na barabara kuu ya Thika–Garissa. Huku mvua ni ya kubahatisha na boma moja iko mbali na ingine. Mtu pia hasafiri mikono mitupu. Anasafiri na gunia la ndengu, mitungi ya maji, kuku wawili, na siku zingine mbuzi. Ukivuka upande wa Makueni story ni ile ile, badilisha tu ndengu na maembe.

Kwa hivyo gari ya huku inaulizwa maswali manne. Itabeba mtu na mzigo pamoja? Itapita mchanga na makorongo? Fundi wa soko ataiweza na spana zake? Na mwenye gari atabaki na kitu mfukoni? Shika hayo maswali, tutayarudia.

Simba wa Ufaransa

Peugeot walizindua 504 mwaka wa 1968, na 1969 ikatawazwa Gari la Mwaka Ulaya. Bodi ilichorwa na Pininfarina wa Italia, ndio maana hadi leo ukiiona imepigwa polishi unageuza shingo. Lakini huku hakuna mtu alikuwa ananunua Peugeot juu ya tuzo za Ulaya. Walinunua juu ya Safari Rally.

Cheki rekodi. Kaka mkubwa wa 504, yaani 404, alibeba Safari 1963, 1966, 1967 na 1968. Hiyo 1963 na 1968 ilikuwa kichinjio: kila mwaka magari saba tu ndiyo yalifika mwisho, na mara zote mbili aliyeongoza ni Nick Nowicki akiwa kwa 404. Halafu 504 ikapokea kijiti. Ove Andersson akashinda nayo 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978 na ile 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Enzi hizo hakukuwa na influencer. Rali ilikuwa inaendeshwa Pasaka, kwa matope na vumbi, mbele ya watu wenyewe. Gari ikimaliza, kila mkulima na mwalimu aliyesimama kando ya barabara alikuwa ameona tangazo tosha.

Sasa ingia kwa hardware. 504 ya familia, ile ndefu, iliundwa ikiwa na safu tatu za viti. Kampuni yenyewe ilikaa chini ikasema hii gari itabeba watu saba ama wanane, ikaongeza urefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ikaweka springi nne nyuma, mbili kila upande. Pikapu yake nayo ilikuwa inabeba zaidi ya tani moja bila kulia. Nyingi zilikuwa na gia kando ya usukani, kwa hivyo watatu wanatoshea mbele bila mtu kukalia rungu la gia.

Ndio maana 504 iliingia kazi ya matatu kama samaki majini. Ile ndefu ikawa gari la safari ndefu, hadi watu wakawa wanasema tu "napanda Peugeot" wakimaanisha aina ya usafiri. Pikapu ikafungwa turubai na mabenchi mawili ya kuangaliana, ikapewa jina face-me. Muulize mtu yeyote wa miaka 50 kwenda juu kuhusu face-me. Atakuambia alivyokaa saa mbili magoti yake yakigongana na ya msee hamjui, mbuzi katikati, na vumbi inaingia kutoka nyuma.

Na kuna kitu vijana wengi hatuambiwi: hii gari ilikuwa inaunganishwa hapa hapa Kenya. Miaka ya 70 serikali ilitaka magari yaje vipande vipande ili vijana wa hapa wapate kazi ya kuyafunga. Ndio wakati viwanda kama AVA ya Mombasa, Leyland ya Thika ambayo leo ni KVM, na General Motors ya Nairobi ambayo leo ni Isuzu vilizaliwa. Ufaransa iliacha kuunda 504 ndogo za kawaida 1983, zikiwa zimezidi milioni tatu, lakini Kenya iliendelea kuunganisha hadi 2004. Yaani gari ilizeeka kwao, ikapata uraia huku.

Mwaka simba alichoka

Nini ilimuua simba? Kwanza, mtumba. Mwanzoni mwa miaka ya 90 serikali ilifungua milango, na magari yaliyotumika Japan yakaanza kushuka bandarini Mombasa. Mtu alikuwa na chaguo: Peugeot mpya ya kuunganishwa hapa kwa bei kali, ama Toyota imetumika, iko fiti, bei nafuu. Mfuko ukaamua. Nissan na Hiace zikameza matatu za mjini, na barabara ndefu zikafuata.

Pili, Michuki. Marehemu John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi alileta zile sheria zilianza kuuma Februari 2004: spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, mkanda kwa kila abiria, mstari wa manjano, na idadi ya watu kuandikwa na kufuatwa. Benchi la face-me lingefungwa mkanda wapi? Mwaka huo huo wa 2004 ndio 504 ya mwisho iliunganishwa Kenya. Sisemi moja ilisababisha ingine. Nasema tu enzi moja ilifunga duka na mtu akazima taa.

Kulikuwa na jaribio la kurudi. Mwaka 2017 Peugeot ziliunganishwa tena, safari hii Thika kwa KVM, 508 na 3008. Gari safi, lakini hizo ni za mtu wa suti na maegesho. Susu wa Migwani na gunia lake la ndengu hakuwa kwa hiyo hesabu.

Kabati kutoka Japan

Kuna kitu kidogo inafurahisha hapa. Yule Ove Andersson aliyeshinda Safari na 504 mwaka 1975 ndiye baadaye alisimamia timu ya rali ya Toyota huko Ulaya. Simba mwenyewe alihamia kwa wapinzani. Na Toyota ikawa inachukua Safari kama inachukua chai: tangu rali irudi kwa mashindano ya dunia 2021, hadi 2025 hakuna mwaka Toyota imepoteza. Lakini wacha nikukumbushe, hakuna hata moja ya hizo ilikuwa Probox.

Probox ilizinduliwa Japan 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo. Jina lenyewe ni kuunganisha maneno mawili, "professional" na "box". Boksi ya kazi. Iliundwa kwa ajili ya makampuni: mtu wa mauzo, fundi wa simu, duka la kupeleka bidhaa. Ndani hakuna makeke. Kiti cha nyuma ni chembamba juu Toyota walijua hapo wataka kukaa ni maboksi. Injini ni za 1.3 na 1.5, zile zile ziko kwa Vitz na magari mengine kibao, na hiyo ndio siri yake kubwa. Spea zake ziko kila mahali, kuanzia Kirinyaga Road hadi duka la spea la soko dogo, na fundi anaifungua akiwa amefunga macho.

Ikifika Kenya, tuliipatia kazi ambayo Japan hawakuiota. Probox ikawa matatu, ambulensi, gari la muguka, gari la mkate, gari la harusi, na gari la kubeba jeneza. Ushago, basi kubwa haliingii kwa kila njia na matatu ya watu 14 ikisubiri ijae utalala steji. Probox inajaa haraka, inatoka haraka, inakunja kona hadi mlangoni kwa boma. Na dere akipigiwa simu saa nane usiku kwamba kuna mama ana uchungu wa kuzaa, anakuja. Ukitaka kuikashifu Probox, kwanza tafuta ni kina nani wamezaliwa wakiwa salama juu ya hiyo gari.

Kwa hivyo yale maswali manne: mzigo, inabeba. Barabara mbaya, inapita. Fundi, anaiweza. Na pesa je?

Tuongee doh

Hapa ndio tofauti ya hizi enzi mbili inaonekana wazi. Pesa ya 504 ilikuwa inaacha mshahara Mombasa: mtu wa kuchomelea bodi, mtu wa rangi, mtu wa kushona viti. Pesa ya Probox inaacha kodi.

Chukua mfano wa gari dogo la petroli lisilozidi 1500cc ambalo KRA imelipa thamani ya shilingi 500,000. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha ni asilimia 35, kwa hivyo ongeza 175,000, ufike 675,000. Juu ya hiyo weka ushuru wa bidhaa asilimia 20, ambayo ni 135,000, ufike 810,000. Juu ya hiyo tena VAT ya asilimia 16, ambayo ni 129,600. Jumla 939,600. Bado hujalipa ada zingine za bandarini wala faida ya mwenye yadi. Karibu nusu ya pesa yako imeenda kwa kodi kabla gari ijue Migwani iko wapi. Na sheria ya miaka minane inasema huwezi kuleta nzee kuliko hapo, kwa hivyo njia ya kutafuta ya bei rahisi zaidi imefungwa.

Huyo mwenye gari atarudisha hiyo pesa vipi? Kwa kubeba. Dere anatakiwa kupeleka hesabu kila jioni, mafuta ni yake, na karao wa njiani naye ana njaa. Gari ina viti vitano pamoja na cha dere. Akibeba wanne, hafiki hesabu. Ndio unapata wanne kwa kiti cha nyuma, wawili kwa kile cha mbele, watatu kwa buti wamekalia gunia, na mmoja amekaa sambaza na dere kwa kiti kimoja, gia katikati ya miguu yake. Tunacheka hizo video. Tunazitumiana. Lakini hebu tuzipigie hesabu.

Lami imebadilisha mchezo

Toyota walipima Probox ya mizigo ibebe kama kilo 400 ikiwa na watu wawili mbele. Tuseme kila mtu mzima ana kilo 65. Watu kumi ni kilo 650. Ongeza gunia moja la ndengu la kilo 90, uko 740. Ukitoa zile 400 na uzito wa watu wawili wa mbele, bado umezidisha kilo zaidi ya 200 kwa springi na breki zilizopimwa kwa kazi ya kusambaza maboksi mjini.

Wazee watasema hata face-me ilikuwa inajaza hadi watu wananing'inia. Kweli kabisa. Lakini face-me ilikuwa inajaza kwa barabara ya vumbi. Mabonde yenyewe yalikuwa spidi gavana. Ukifika 40 kwa saa ulikuwa umeenda sana, na ukianguka, mara nyingi ulianguka kwa mchanga.

Siku hizi kuna lami. Barabara ya kutoka Kibwezi kule Makueni, ikapita Mutomo, Kitui, Kabati na Migwani hadi Mbondoni imebadilisha maisha. Mgonjwa anafika hospitali mapema, ndengu inafika soko kabla bei ianguke. Hakuna mtu anataka vumbi irudi. Shida ni kwamba tumechukua tabia ya kujaza tuliyojifunzia kwa vumbi, tukaipeleka kwa lami. Gari ikitoka 40 ikaenda 80, nguvu ya kugonga haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Na yule aliyekaa sambaza ndiye yuko kati ya dere na usukani. Wale wa buti hawana mkanda, hawana kiti, na mlango wao unafunguliwa kutoka nje.

Halafu kuna hii watu hawapendi kuambiwa. Probox nyingi zimekatiwa bima ya gari la kibinafsi. Ukilipa nauli, umeifanya kuwa gari la biashara, na kampuni ya bima imepata sababu ya kukataa kulipa. Ajali ikitokea, familia inabaki na harambee. Kanuni za NTSA za 2014 zinataka gari la abiria liwe ndani ya sako ama kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Sasa mtu wa Probox moja kwa njia ya mchanga atoe wapi wenzake 29? Kwa hivyo anabaki nje ya sheria, anamalizana na karao kwa barabara, na sote tunajifanya hatuoni. Novemba 2018 serikali iliamsha sheria za Michuki kwa kelele nyingi, matatu zikakwama, halafu maisha yakarudi venye yalikuwa.

Ukipiga marufuku Probox kesho, hujasaidia susu. Umemrudisha kwa punda ama kwa bodaboda ya watu wanne. Kitu kingesaidia ni kukubali kwamba njia fupi za ushago zinahitaji gari dogo, na kuwapa hawa madere laiseni na bima ya njia hizo, kwa idadi ya watu inayojulikana. Gari za viti saba kama Noah na Sienta tayari ziko barabarani zikifanya kazi ya abiria, na zina kiti na mkanda kwa kila mtu. Hilo ndilo wazo 504 ndefu ilileta zaidi ya miaka 50 iliyopita: kama utabeba watu saba, weka viti saba.

Sasa nani mkali?

Kwa umbo na heshima, 504 inachukua, hata usibishane. Kushinda Safari mara mbili, kuunganishwa nyumbani hadi 2004, na kuundwa kwa kazi ile ile iliyokuja kufanya. Mwenye anayo bado, aioshe na aifunike vizuri, juu kila mwaka zinapungua.

Kwa kupambana, ni Probox. Haikuumbwa kwa hii kazi, hakuna mtu aliiombea tuzo, na bado imebeba Kitui na Makueni mgongoni miaka yote hii. Watoto wetu watakuja kuiangalia vile sisi tunaangalia 504, na watatuuliza tulikuwa tunatosheaje. Natumaini tutakuwa hai kuwajibu.

Kwa hivyo Desemba hii ukiroot ushago, ufike steji upate Probox ina watu tisa na makanga anakuambia "bado moja, ingia kwa dere," kataa. Subiri ingine. Ukiwa na mathe ama susu, mlipie nafasi mbili akae kama mtu. Dere atanuna kidogo, lakini pesa yake ameipata na hesabu itafika. Probox imejitolea ya kutosha kuwa legend, haihitaji jina lako kwa orodha.